Muchanga ya Ijumaa

Mujukuu yangu anajenga nyumba, na kila siku anakuja kuniuliza mimi nyanya yake mambo ya chini, pale watu wanakanyaga. "Koko, tumwange sima ao tupange matofali?" Anasema sima, ile unga ya kijivu inageuka jiwe, na midomo mbele, sawa mutu anapuliza moto. Akimaliza chini anaanza viti ya baraza. "Koko, mbao ngumu ao mabondo?" Anauliza mimi, mwenye sijui hata kusoma jina yangu. Namuchekea. Namwambia weka ngozi ya chui, weka majani ya ndizi, ni wewe utafagia.

Lakini akienda, kicheko inakatika. Chini ya nyumba ilitaka kuniulia mutoto, na mimi njo nilikuwa naitandika.

Mukae, wajukuu. Nitawaletea sauti za watu wa ile nyumba, vile walikuwa wanasema. Wakubwa wamekufa, hawatanipiga.

Ilikuwa ile miaka wangwana, watu wa biashara ya pwani, walikuwa bado wakubwa wa Kasongo. Nilikuwa mutumwa wa nyumba, kwa mungwana mumoja wa biashara ya pembe. Walinikamata kwetu kwa Wabangubangu, njia ya Kabambare, nikiwa sijaota matiti. Bwana alikuwa mbali siku zote, anafuata pembe. Mwenye kutawala nyumba alikuwa bibi mukubwa, mke yake.

Ule, musikie namna alikuwa anasema. "Mchanga wangu mweupe uko wapi? Nyumba ya kiungwana haikai bila mchanga mweupe." Aliisema kwa pua, midomo imefungwa, sawa iko na mayi kinywani. Mutu akimusikia anafikiri jana alishuka chomboni. Kumbe alizaliwa hapa Nyangwe, mama yake alikuwa anauza samaki za kukausha. Bahari aliisikia tu kwa bwana yake. Bwana alimwambia kule Unguja nyumba za wakubwa, chini yake iko nyeupe, inang'aa, na yeye akasema ya kwake itakuwa vile vile. Chokaa haikuwa. Basi, muchanga.

Kila Ijumaa asubuhi, mbele ya swala, nilienda mutoni. Nachota muchanga mweupe, nauchekecha, nabeba kwa kitunga mugongoni, kamba kwenye paji ya uso. Namwanga chumba hata chumba, unene ya vidole viwili, kisha naikwaruza na jani ya mutende mpaka inafanya mawimbi mawimbi. Ile ya zamani naisukuma uani. Ilikuwa laini sawa unga. Wageni walivua viatu, wakasifu. Nyumba zingine za Kasongo zikaiga. Wote tukageuka watu wa pwani, na pwani iko miezi na miezi ya kutembea.

Kisha dudu ikaja.

Ilipanda na watu wa mitumbwi, ndani ya miguu yao. Ndogo, mutu anaweza kusema ni kiroboto. Inaingia chini ya kucha, inajichimbia, inavimba sawa punje ya mutama, inajaza mayai. Inawasha, kisha inauma, kisha kidole inaoza. Jina yake hatukujua. Leo mutoto yeyote anasema funza, lakini siku ile kila mutu alikuwa na yake. Mupishi alisema ni samaki tunakula. Jirani alisema ni wachawi wa ngambo ile ya mutoni. Hakuna mwenye alisema ni muchanga. Nani atashitaki kitu safi vile?

Mutoto yangu, musichana, alikuwa na miaka sawa sita, jino ya mbele ilikuwa inaanza kutikisika. Baba yake alikufa kwa safari ya pembe, nilikuwa naye tu. Kazi yake ilikuwa kupepea bibi mukubwa. Kwa hiyo alilala kule kule, chini, kwa muchanga, pembeni ya kitanda ya bibi, sababu bibi akiamka anataka upepo papo hapo. Miguu yake ikajaa. Mbele vidole viwili, kisha vyote, kisha visigino. Asubuhi natoa dudu na mwiba ya ndimu, naweka mafuta ya mawese. Kesho yake naikuta mingine imeingia, sawa hakuna kitu nilifanya.

Pale njo nyampara akafika, mukubwa wa safari, ametumwa na bwana. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kuita watu njiani. Alisimama uani, akasema hivi: "Wazungu wanapanda na bunduki. Bwana anangoja Kabambare. Mwezi ukiandama, tunatoka. Mwenye miguu anakuja. Mwenye hana miguu anabaki."

Hakusema kwa ukali. Alisema sawa mutu anataja mvua.

Kubaki, kila mutu alijua ni nini. Mutumwa mwenye hawezi kutembea haiko na mwenyewe. Wale walibaki nyuma kwa safari za zamani, tukirudi njia ile tulikuta vitambaa tu. Na mimi sikuweza kumubeba, sababu mugongo yangu haikuwa yangu, ilikuwa ya muzigo ya bibi. Nikaangalia juu. Mwezi ulikuwa karibu kujaa. Basi nilikuwa na siku sawa ishirini kuponyesha miguu miwili.

Kulikuwa muzee mumoja wa kwetu, fundi ya nyumba, ametoa meno yote ya mbele, anasema kwa ufizi. Alikuja kutengeneza paa. Nikamuletea mutoto, nikamwambia, "Baba, uone." Hakuangalia miguu. Aliangalia chini. Alichota muchanga, akaipuliza kwa kiganja, akangoja, na mimi nikaona kitu moja ndogo inaruka.

"Mwana wangu," akasema, "hii chini njo inagonjwa. Miguu inasimulia tu."

Nilikaa palepale chini. Nilikumbuka Ijumaa zote, mugongo yangu namna ilikuwa inauma, na mimi kwa upumbavu nilikuwa nafurahi wageni wakisifu mawimbi yangu.

Muzee akasema tunatoa muchanga yote, tunapiga udongo ya kichuguu. Udongo inakuwa ngumu, unaimwangia mayi, unaifagia, dudu haipati pa kuchimba. Lakini chumba ilikuwa ya bibi. Ni yeye wa kuchagua. Basi tukamuletea achague. Muzee alizunguka siku mbili, anaonja udongo kwa ulimi sawa mwanamuke anaonja muchuzi, anatema, anaendelea. Akafanya mikate mitatu ya kujaribu chini, akaipanga kwa ubao, ikauke kivulini. Ya kwanza nyekundu, ya kichuguu yenye mchwa wake wamekufa. Ya pili ya kijivu, udongo ya mutoni. Ya tatu nyeupe, chokaa ya maganda ya konokono, alichoma nyungu nzima ya maganda akapata mukate moja ya kiganja.

Bibi akatoka na mitawanda, viatu yake ya mbao, kwa, kwa, kwa. Akaivua. Akakanyaga kila mukate na kisigino tu, leso yake ndefu imefunika vidole. Ya kijivu ikapasuka. Nyekundu haikusikia kitu. Nyeupe ikamufurahisha mpaka macho.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo sakafu ya Unguja. Mnipigie hii."

Muzee akakuna kichwa. "Bibi, kwa kujaza chumba moja, lazima Kasongo yote ikule konokono mpaka kiyama. Na dini yako inakataa konokono."

"Basi hiyo nyekundu ya nini?"

"Kichuguu, Bibi. Mchwa njo wanaijenga."

"Mimi nilale juu ya mavi ya mchwa? Wageni waje waseme bibi mkubwa amerudi porini?"

Nikapiga magoti. Nilisema, "Bibi, dudu iko ndani ya muchanga. Muzee amenionyesha." Bibi akaniangalia. Kisha akasema, pole pole, sawa amepata akili kubwa: "Kama mna wadudu, basi mchanga umechakaa. Tangu leo mtamwaga mara mbili. Ijumaa na Jumatatu."

Nilienda mutoni Jumatatu. Nitawaambia nini. Nilichekecha, nikabeba, nikamwanga, nikafanya mawimbi. Nilikuwa natandikia dudu kitanda, kisha naita mutoto yangu aje alale.

Muzee hakunicheka. Alisema, "Kama chini inakataa, tupande juu." Alitaka kufanya kitanda ya nje, ya kukaa na kulala uani kivulini, miguu yake mirefu, mutoto asiguse chini mpaka vidonda vikauke. Nikaomba ruhusa, nikadanganya, nikasema ni ya kuanikia mukeka ya swala. Bibi akapenda neno, akaanza naye kuchagua. "Kiwe mti mgumu, mvule, kidumu, kama baraza za Unguja." Mvule. Kuangusha muti, kupasua, kukausha, mwezi mbili. Mimi nilikuwa na siku kumi na sita. Nikasema, "Bibi, mabondo inapendeza kupita mvule." Mabondo ni ile mitende ya mabwawa, yenye watu wanagema pombe. Mifupa ya majani yake iko ngumu kidogo na mwepesi sana, mutu moja anainua kitanda nzima kwa mukono moja. Bibi akauliza, "Na kinakaa siku ngapi nje kwenye mvua?" Nikasema miaka. Nilidanganya tena. Mabondo nje inaoza upesi.

Siku mbili, kitanda ikamalizika. Nikaomba mutoto apepee bibi mchana tu, amekaa juu ya sanduku, jioni alale kule juu ya kitanda. Bibi akakubali, sababu mutoto alikuwa ameanza kunuka. Asubuhi ya kwanza nilitoa dudu tatu. Asubuhi ya pili, moja. Ya tatu, sikupata kitu. Nilishika ile muguu yake, naigeuza geuza sawa mutu ananunua. Vidonda ilianza kufanya ganda. Siku ya tano alisimama, akanichekea na jino yake ile.

Siku ya sita bibi alitoka kutafuta upepo. Akakaa kwa kitanda. Akalala. Akajinyoosha.

"Kizuri," akasema. "Chepesi. Tangu leo nitapumzika hapa. Mtoto akae chini anipepee."

Chini, uani, palepale nilikuwa nasukuma muchanga ya zamani ya Ijumaa zote.

Kwa siku tatu miguu ilirudi vile ilikuwa, kisha ikazidi kuoza. Kucha zilitoka. Kidole ndogo ya kushoto ilitoka na kitambaa, niliizika nyuma ya jiko, sikumuonyesha. Nilikuwa sipati hata machozi. Nilikuwa naamka, naangalia mwezi unakonda, nauchukia.

Mchana moja bibi akaniita ndani, akafunga mulango. "Lete mwiba," akasema. Akakaa, akavuta leso.

Wajukuu, sijaona miguu mibaya sawa ile. Vidole vyote. Yeye njo alikuwa anakanyaga na kisigino, na mimi nilifikiri ni maringo. Nilitoa dudu mpaka adhana. Hakulia. Alikamata mbao ya kitanda, jasho inashuka. Nikasema, "Bibi, sasa umeona. Tupige udongo. Siku mbili tu, nitapiga mwenyewe." Akasema chini chini, "Nikitoa mchanga leo, kila mtu atauliza kwa nini. Watasema bibi mkubwa ana miguu ya mjakazi." Kisha akarudi kwa pua yake. "Ukisema neno, nitakukata ulimi." Alitaka kuoza safi kuliko kupona mbele ya watu.

Siku zikabaki nne. Nikaanza kufundisha mutoto kutembea na visigino. Nilifanya sawa muchezo. "Tembea sawa bibi mukubwa." Nilimuonyesha, matako nyuma, kwa, kwa, kwa. Alicheka, akanifuata, hatua tano, hatua kumi, kisha akaanguka akalia. Nikamwinua. "Tena. Bibi mukubwa anaenda sokoni." Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Mimi nilikuwa nahesabu hatua, na Kabambare sikuweza kuihesabu.

Mwezi ukaandama. Asubuhi watu wakapanga mizigo uani. Bibi hakuweza kutembea, na hakutaka watu wajue. Akasema bibi wa kiungwana haendi kwa miguu. Wakafunga miti miwili kwa ile kitanda ya mabondo, ikageuka machela, wanaume wanne wakamwinua. "Chepesi," wakasema, wanafurahi. Mimi njo nilichagua mabondo.

Kisha akanionyesha muzigo yangu. Kitunga ya muchanga.

"Kabambare udongo mwekundu kama damu," akasema kule juu. "Mimi sitaswali juu ya udongo mwekundu. Chukua huo, utatandaza tukifika."

Nikainama, nikatia kamba kwenye paji, nikasimama. Mutoto nyuma yangu, kisigino, kisigino. Njia ilikuwa inanirudisha upande wa kwetu, kule walinikamata, na mimi nabeba muchanga ya kuweka chini ya bibi. Mbele ya saa sita aliacha kusema. Jua ikipinduka nikasikia haiko nyuma yangu. Niligeuka. Alikuwa amekaa njiani, ameangalia miguu yake sawa ya mutu mwingine. Watu walikuwa wanamupita. Hakuna mwenye alimukanyaga, hakuna mwenye alisimama.

Nilirudi. Tulikuwa karibu ya kijito. Machela ya bibi ilikuwa imeshapita mbele, imefunikwa. Nikashusha kitunga. Sikufikiri kitu, sitawadanganya kwamba nilikuwa na akili. Nilipindua kitunga, muchanga ikashuka ndani ya mayi, nyeupe, inaenda. Niliosha kitunga. Niliosha mutoto. Nikamutia ndani, magoti kwa kidevu, nikafunika na majani ya ndizi na kaniki yangu ya pili. Nikainua. Uzito ilikuwa moja. Tena muchanga ilikuwa inapita kidogo.

Nikainua macho, nyampara alikuwa amesimama pale.

Ameona yote. Aliangalia mayi, aliangalia kitunga, kitunga ikakohoa. Nikangoja fimbo. Akasema na ile sauti yake kavu: "Mimi niliambiwa mwanamuke moja, kitunga moja ya bibi. Naona mwanamuke moja. Naona kitunga moja." Akatema mate. "Tembea."

Siku zote za njia tulienda vile. Namushusha tukilala porini tu, mbali na bibi. Mchana nilimwambia, "Wewe ni muchanga. Muchanga haikohoi." Kisha, karibu ya sikio yangu: "Mama, muchanga inasikia njaa?"

"Inasikia. Lakini haisemi."

"Na ikitaka kukojoa?"

"Inangoja."

Haikungoja. Mugongo yangu ililowana mpaka Kabambare, na sijawahi kupenda kitu kupita ile. Ikikauka muda murefu, naogopa, natikisa kitunga kidogo, nasikiliza.

Kule njiani wengine walibaki. Sitawataja. Niliwapita, kamba kwenye paji, macho chini, na mimi pia sikusimama.

Tukafika. Wakashusha machela mbele ya nyumba ya bwana, watu wote wamekusanyika, wapagazi wanakunywa mayi. Chumba ya bibi ilikuwa udongo mwekundu, kavu, mashimo mashimo. Akafunua pazia, akaita kwa pua: "Mchanga wangu."

Nilileta. Nilishusha mbele yake, kamba bado kwenye paji. Ni yeye alivuta kaniki. Mutoto akainua kichwa, jino ile ilikuwa imetoka njiani. Akamwambia bibi, "Shikamoo."

Hakuna mutu alicheka. Bibi aliangalia mutoto. Kisha aliangalia mimi, na nikaona mudomo yake inaanza kuita nyampara. Mimi sikusema neno, ulimi yangu nilikuwa naitaka. Nilishusha tu macho, nikaangalia leso yake pale vidole vinakaa. Nikaangalia, nikaangalia. Wapagazi wakaanza nao kuangalia pale. Bibi akavuta leso, akafunika.

"Mchanga umemwagika njiani," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

Akageuza uso kwa ukuta. Kisha akasema, "Pigeni udongo." Na siku ile hakusema kwa pua. Alisema na sauti ya Nyangwe, ya mutu wa samaki.

Nilitafuta kichuguu mwenyewe, nikaonja kwa ulimi vile muzee alionja, na mchwa yake walikuwa wamekufa. Tulipiga siku saba, wanawake sita na vibao, tunalowesha, tunafunika na majani, tunapiga tena, kisha nikaisugua na jiwe ya mutoni mpaka ikawa sawa ndani ya nyungu. Mutoto alilala juu ya ile udongo. Asubuhi nilishika miguu yake, natafuta. Nilitafuta miezi mingi, hata kulikuwa hakuna kitu ya kutafuta.

Vidole vinne havikurudi. Ule mutoto njo mama ya huyu mwenye anajenga, huyu wa sima. Iko pale kwa baraza, anasikia nikisema, anajifanya anachagua mchele. Mpaka leo anatembea na visigino. Watoto wa jirani wanatembea nyuma yake, matako nyuma, kwa, kwa, kwa. Mimi siwezi kukataza watu kuiga watu, kuiga njo kazi yangu. Ile ya mutoto yangu tu nakataza.